Anaiba, Anavuna, au Anarina?



Kwaresima iliyopita niliombwa nikae jioni moja na vijana wa kigango kimoja huku Kimwani, kusini mwa Muleba, niwaandae kwa Mkesha wa Pasaka. Sikutaka kuwachosha kwa maneno mengi, kwa hiyo nilikuwa nimeweka kwenye simu picha moja ya zamani sana. Simu ikazunguka mkono kwa mkono. Ikafika kwa binti mmoja, akaitazama muda mrefu, akaikuza kwa vidole viwili, halafu akauliza:

"Frateri, hivi huyu mtu hapa kwenye mzinga anaiba au anavuna?"

Wenzake wakacheka. Mimi pia nikacheka, ila kusema kweli sikuwa na jibu. Nikasema tutalirudia swali hilo baadaye. Mwalimu wetu wa dini, mzee aliyekuwa amekaa nyuma kabisa kwenye benchi, akasema neno moja tu: "Anarina." Kisha akanyamaza.

Nimekaa na swali la yule binti na jibu la yule mzee mpaka leo. Naomba tulitafakari pamoja, maana naona linatugusa sisi vijana kuliko linavyoonekana.

Picha yenyewe

Tuanze na ile picha. Huko kusini mwa Italia, kati ya karne ya 10 na ya 13, katika sehemu kama Benevento, Bari na abasia ya Monte Cassino, walikuwa na desturi ya kuandika Mbiu ya Pasaka kwenye gombo refu la ngozi. Unaijua Mbiu ya Pasaka: ule wimbo mrefu unaoimbwa usiku wa Mkesha, kanisa likiwa gizani na mshumaa wa Pasaka umeshawashwa. Shemasi alipanda mahali pa kusomea, akaimba huku gombo likishuka mbele yake kidogo kidogo kuelekea kwa waamini. Sasa sikia ubunifu wao: katika mengi ya magombo hayo, picha zimechorwa kichwa chini ukilinganisha na maandishi. Shemasi anasoma maneno yaliyomwelekea yeye, na wakati huohuo waamini wanaona picha zikiwa zimewakalia sawa. Wengi wao hawakujua Kilatini wala kusoma. Picha ndiyo ilikuwa katekesi yao.

Gombo mojawapo maarufu, linaloitwa la Barberini, lilitengenezwa Monte Cassino mnamo 1087, na leo limehifadhiwa katika Maktaba ya Vatikano. Katika magombo haya unamwona Kristo akishuka kuzimu, unaona Waisraeli wakivuka bahari, unawaona Adamu na Hawa. Na katikati ya mambo makubwa kama hayo, wamo nyuki. Kuna maua, kuna nyuki wanaoyaendea, kuna mizinga, na katika baadhi ya magombo kuna watu walio kazini kwenye mizinga hiyo.

Kwa nini nyuki? Kwa sababu Mbiu ya Pasaka kwa Kilatini inawataja mara mbili. Inasema kwamba mshumaa tunaomtolea Mungu usiku ule umetokana na kazi yao. Zamani sifa hizo za nyuki zilikuwa ndefu zaidi. Kanisa lilipofupisha wimbo, likaondoa maneno mengi ya kuwasifu, lakini nyuki wenyewe hawakuondolewa. Wamo hadi leo.

Kwa hiyo mchoraji aliweka watatu ndani ya fremu moja: ua, nyuki na mtu. Na swali la yule binti linamhusu huyo wa tatu. Ua tunajua linafanya nini pale. Nyuki tunajua anafanya nini. Huyu mwenye mkono mzingani je?

Nilikuwa na sababu ya kunyamaza

Niwaambie kwa nini sikujibu siku ile. Nilipokuwa na miaka kama 13, tulikuwa wavulana wanne, tukaona nyuki wanaingia kwenye tundu la mti mkubwa pembeni mwa shamba. Tulisubiri giza. Tukafunga mwenge wa nyasi kavu, tukawasha, tukausukuma tundu zima. Hatukujua kupuliza moshi, tulijua moto tu. Nyuki waliungua kwa mamia, wengine wakadondoka chini wakitambaa bila mabawa. Tulipoingiza mkono tukatoa masega, nusu yake hayakuwa na asali. Yalikuwa na majana, meupe, laini. Yale tukayatupa. Asali tuliyopata haikujaza hata sufuria dogo, na ilinuka moshi.

Asubuhi nikapita pale. Mti ulikuwa bado unafuka moshi kwa ndani. Msimu uliofuata ulikuwa umekauka.

Hakuna aliyetukemea. Mti haukuwa wa mtu, nyuki hawakuwa wa mtu. Kwa sheria ya kijijini hatukuwa wezi. Lakini nilipopita pale nilikuwa nikitazama upande mwingine, na mpaka leo nashindwa kuiita kazi ile mavuno. Basi, swali la yule binti halikuwa la mtu wa kwenye gombo tu. Lilikuwa langu.

Je, nyuki anaweza kuibiwa?

Seminarini, kwenye falsafa, tungeanza kwa kuuliza hivi: wizi ni nini? Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba wizi ni kuchukua kwa siri kitu kilicho mali ya mwingine. Nyuki si mtu, hana mali kwa maana hiyo, kwa hiyo kimsingi huwezi kumwibia nyuki. Kesi imekwisha?

Si haraka hivyo. Tomaso huyohuyo anasema binadamu ana mamlaka ya kuvitumia viumbe, ila Bwana wao hasa ni Mungu. Maana yake hata pale ambapo nyuki hana hati ya kumiliki asali, yuko Mmoja mwenye nayo. Katekisimu inalifafanua hilo katika namba 2415 hadi 2418: mamlaka tuliyopewa juu ya viumbe si ya kufanya tutakavyo, wanyama tunawiwa kuwatendea wema, na kuwatesa au kuwaua bila sababu ya kweli kunaivunjia heshima hadhi yetu sisi wenyewe kama binadamu. Angalia vizuri hapo. Haisemi tu kwamba mnyama anaumia. Inasema na mimi ninapungua.

Yuko pia John Locke, mwanafalsafa Mwingereza wa karne ya 17. Yeye alisema kitu kinakuwa changu nikikichanganya na jasho langu: nikiokota tunda porini, kazi ya kuokota ndiyo inanipa haki. Nilipoisoma hoja hii kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Kama ni jasho, nani amefanya kazi zaidi juu ya asali, mimi niliyekwea mti usiku mmoja au nyuki kibarua anayeruka kutwa, tena katika maisha ambayo wakati wa msimu ni ya wiki chache tu? Locke alikuwa anazungumzia watu, sawa. Lakini aliongeza sharti moja zuri: chukua, ila wabakizie wengine cha kutosha na kizuri vilevile.

Na kabla ya Locke, Maandiko yalishasema. Soma Kumbukumbu la Torati 22:6-7. Ukikuta kiota na ndege amelalia mayai au makinda, unaruhusiwa kuchukua makinda, lakini mama umwache aende zake, upate heri na siku zako ziwe nyingi. Sheria ndogo sana, unaweza kuipita bila kuiona. Lakini mpaka ninaoutafuta uko pale. Mungu hasemi usiguse. Anasema usichukue kiasi cha kukata uzao. Acha chanzo kiendelee kuwa chanzo.

Neno la yule mzee

Sasa turudi kwa mwalimu wetu na lile neno lake. Kiswahili kina kitenzi maalumu kwa kazi hii. Mahindi tunavuna, kahawa tunachuma, samaki tunavua, asali tunarina. Kwa nini asali ipewe neno lake? Nadhani ni kwa sababu asali haifanani na mahindi. Mahindi niliyapanda mimi. Asali sikuipanda, sikuipika, wala siwezi kuipika. Naikuta imeshakamilika ndani ya nyumba ya wengine. Anayerina anaingia nyumbani mwa watu, tuseme hivyo. Na mgeni anayeingia nyumbani mwa watu ana adabu zake.

Mrinaji anayejua kazi anakwenda na moshi, si moto. Moshi unawatuliza nyuki. Anachagua masega yenye asali iliyofunikwa. Yenye majana anayaacha. Anabakiza asali ya kuwavusha nyuki wakati wa uhaba wa maua. Anafunga mzinga, anaondoka. Mwaka kesho atawakuta palepale.

Sisi wavulana wanne tulichukua asali ileile, kutoka kwa wadudu walewale. Tofauti yetu na mrinaji ni nini? Yeye alifanya hesabu ya nyuki na ya kesho. Sisi tulifanya hesabu ya matumbo yetu usiku ule. Ndiyo maana methali yetu inasema fuata nyuki ule asali. Haisemi fukuza nyuki ule asali. Kumfuata ni kumsoma, kujua anaenda wapi, anahitaji nini.

Na kumsoma nyuki kuna raha yake. Wazee wa kale walidhani nyuki wote huzaliwa bila kujamiiana, wakamsifu hata kumfananisha na Bikira Maria. Leo tunajua si hivyo, maana malkia hupandana na madume kadhaa angani. Ila mwaka 1845 padre Mkatoliki na mfuga nyuki wa Silesia, Jan Dzierzon, alieleza jambo ambalo wengi hawakulikubali mara moja: nyuki dume hutokana na mayai ambayo hayakurutubishwa. Yaani dume hana baba! Sifa za kale zilikosea, na ukweli ukawa wa ajabu kuliko sifa zenyewe. Aliyeugundua ni padre aliyekaa muda mrefu mbele ya mizinga akitazama.

Kila mmoja anatoa nini?

Tuitazame tena fremu ya watu watatu, safari hii tukiwa nyumbani. Chukua kibanja cha kawaida cha Bukoba au Muleba: migomba juu, mibuni chini yake, maharage katikati. Mgomba wetu huzaa ndizi bila kuhitaji chavua ya mwingine, ndiyo maana ndizi tunazokula hazina mbegu. Lakini mbuni wa robusta hauwezi kujichavusha wenyewe. Unahitaji chavua ya mbuni mwingine, na inaletwa na upepo pamoja na wadudu, nyuki wakiwemo. Ukipita kibanjani wakati mibuni imetoa maua meupe, ile harufu na ile sauti ya nyuki ni kahawa yako inatengenezwa.

Wazee wetu walitumia buni ya kutafuna kumkaribisha mgeni. Na zamani, watu wawili waliochanjiana udugu walikula buni pamoja na damu yao. Tunasema ulikuwa udugu wa watu wawili. Kumbe palikuwa na wa tatu ambaye hakualikwa, yule aliyeleta chavua ili ile buni iwepo.

Hivyo ndivyo fremu inavyofanya kazi. Ua linampa nyuki chakula, nyuki analibebea chavua. Kila mmoja anachukua, na katika kuchukua anatoa. Kisha anaingia mtu. Anachukua nta na asali. Yeye anatoa nini?

Hapa ndipo yule mmonaki mchoraji alinifundisha, ingawa ametutangulia kwa zaidi ya miaka 900. Aliweka picha ile kwenye gombo la wimbo. Jibu lake ni gombo lenyewe. Kinachotolewa na mtu ni mshumaa na sifa. Ua haliwezi kusema asante. Nyuki hawezi. Katika fremu nzima, ni mmoja tu anayeweza kuchukua vilivyotolewa na wote, akainua juu na kusema: Baba, hivi vyote ni vyako, pokea. Nadhani hii ndiyo nafasi ya binadamu katika uumbaji. Hatukufutwa kwenye picha, kama wanavyotaka wale wanaosema dunia ingekuwa nzuri bila watu. Wala hatukuwekwa pale kama wenye duka. Tumewekwa kama wale wanaojua kushukuru. Na Mwanzo 2:15 inaongeza kazi: kulilima na kulitunza.

Kwa hiyo, kwangu mimi, mpaka kati ya kuiba na kurina uko hapa. Wizi unaishia kwangu. Kurina kunapita kwangu kwenda mbele: kwa wenzangu, kwa nyuki wa mwaka kesho, na kwa Mungu.

"Frateri, sisi tuna njaa"

Najua kuna atakayesema: Frateri, haya ni maneno ya walioshiba. Mtu anauza asali apate ada ya mtoto, wewe unamletea Locke na magombo ya Italia.

Pingamizi hili nalipa uzito. Maskini kurina asali si dhambi, tena ni riziki ya halali ambayo Mungu mwenyewe ameiweka. Lakini hebu tuulize: kati ya moto na moshi, ni upi unaomfaa maskini? Aliyechoma ana asali ya leo. Aliyerina ana ya leo na ya kesho, na kibanja chake kina wachavushaji. Mara nyingi tunadhani maadili ni gharama ya ziada juu ya umaskini. Hapa ujinga ndio uliokuwa gharama. Sisi wavulana hatukuchoma mti kwa njaa. Tulichoma kwa haraka, na kwa kuwa hatukuwa tumefundishwa. Na wengi wetu vijana, tuseme ukweli, tunachoma kwa haraka: tunawasha moto rweya wakati wa kiangazi kwa mchezo, tunanyunyiza dawa ya wadudu asubuhi maua yakiwa wazi na nyuki wamejaa, wakati tungeweza kusubiri jioni. Baba Mtakatifu Fransisko katika Laudato Si', mwaka 2015, alitukumbusha kwamba hata wadudu wadogo wanaopotea kwa sumu za mashambani walikuwa na kazi, na kwamba tukishawapoteza tunalazimika kutafuta mbadala.

Na mshumaa wetu?

Jambo la mwisho. Kijana mwingine aliuliza jioni ile: "Mshumaa wetu wa Pasaka si ni wa dukani, wa mafuta ya taa yaliyogandishwa? Tukiimba nyuki, si tunadanganya?"

Kanisa kweli linataka mshumaa huo uwe wa nta, usiwe wa bandia, na uwe mpya kila mwaka. Waraka wa mwaka 1988 kuhusu maadhimisho ya Pasaka unasema hivyo. Sababu ni kwamba ishara inapaswa kuwa ya kweli. Lakini kigango maskini kikiwasha kile kilichoweza kupata, simwoni Mungu akikikasirikia. Ninachokiogopa zaidi ni uongo mwingine: mshumaa uwe wa nta safi asilimia mia, na waimbaji wawe wale waliochoma mzinga wiki iliyopita bila kujali. Nta ni ya kweli, moyo ndio wa bandia.

Ila kwa nini tusitafute vyote viwili? Nilipomaliza, nilimwuliza mwalimu kama kikundi cha vijana kinaweza kutundika mizinga miwili mitatu. Akaniangalia. "Nyuki ni rahisi kupata," akasema. "Vijana wa kusubiri ndio shida." Nimemwelewa. Mzinga ukishatundikwa unasubiri nyuki waingie wenyewe. Kisha unasubiri wajenge, wajaze, wafunike. Ukiwa na haraka utakuta majana.

Mkesha ule, mshumaa ulipoinuliwa gizani, sikuweza kutowafikiria wale nyuki niliowachoma. Nimeshaliungama jambo hilo, ndiyo, hata kama utacheka. Na ule mwanga ulinifikia mimi pia, kama ulivyowafikia wote.

Kwa tafakari yako wiki hii

1. Ni kitu gani unachokichukua kila siku, na kinaishia kwako bila kupita kwenda kwa mwingine?
2. Nani ni "wa tatu" katika mafanikio yako, yule aliyeleta chavua na hukuwahi kumshukuru?
3. Ni wapi unatumia moto ambapo moshi ungetosha: kwa maneno, kwenye mahusiano, shambani?

Tuombe: Ee Mungu, uliyempa ua utamu na nyuki bidii, utupe sisi mikono yenye adabu. Utufundishe kuchukua kwa kiasi, kubakiza kwa upendo, na kukurudishia vyote kwa shukrani. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.